Lama sabakthani: kitenzi kile kinasema "umeniacha", tusikilainishe

Kila Pasaka ikikaribia kuna ujumbe unarudi kwenye magrupu, unasambazwa na watu wazuri tu wenye nia njema, unasema Biblia zetu zimetafsiri vibaya maneno ya Yesu msalabani, kwamba kwa Kiaramu hakusema "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha" bali alisema kitu kama "Mungu wangu, Mungu wangu, kwa ajili ya hili nilibakizwa", na kwa hiyo eti hapakuwa na kuachwa kokote pale Golgotha. Watu wanaandika amina nyingi chini yake. Mimi nauelewa huo mvuto, manake yale maneno ya Marko 15:34 ni magumu kuliko karibu yote yaliyotoka kinywani mwa Yesu, na mtu anayempenda anatamani yasiwe yanasema yanachosema. Ila yanasema hivohivo. Na kitenzi chenyewe, ukikifuatilia kilikotembea, kina utajiri mwingi sana ambao huo ujumbe unaufunika badala ya kuufunua.

Tuanze na chanzo, kuwa wakweli. Tafsiri hiyo ya "nilibakizwa" haijatungwa na mtu wa mtandaoni juzi. Ilienezwa na George Lamsa, Mwashuri aliyezaliwa mwaka 1892 kwenye jamii inayozungumza Kiaramu cha kisasa, akahamia Marekani, na mwaka 1957 akatoa Biblia nzima kwa Kiingereza akitafsiri kutoka Peshitta, ile Biblia ya kale ya makanisa ya Kisiria (Kisiria ni tawi la Kiaramu). Pale kwenye Mathayo 27:46 na Marko 15:34 akaweka kwamba Yesu alisema alibakizwa kwa ajili ya jambo hili, na pembeni akaandika maelezo kwamba haya ndiyo yalikuwa majaliwa yake. Lamsa alikuwa anaijua lugha tangu utotoni, hilo linampa heshima yake na ndo maana watu wanamwamini haraka. Lakini kuzungumza Kiaramu cha karne ya 20 na kujua kitenzi fulani kilibeba nini karne ya kwanza ni mambo mawili, kuna miaka kama 1,900 katikati na maneno huwa yanahama.

Sasa neno lenyewe. Mzizi ni konsonanti tatu, sh-b-q. Kigiriki hakina sauti ya "sh", kwa hiyo Marko alipoandika kwa herufi za Kigiriki ikawa "s", na sisi tukarithi "sabakthani" kupitia huko, wakati kumbe Kiswahili "sh" tunayo na tungeweza kuandika shabaktani bila shida yoyote. Likate hivi: shabak ni kuacha, -ta ni wewe, -ni ni mimi ninayetendewa. Neno moja limebeba mtenda, mtendwa na tendo, sawasawa kabisa na "umeniacha" ambayo nayo ni neno moja lenye u- ya wewe, -ni- ya mimi na -acha. Hizo -ni mbili kufanana ni bahati tu, lugha zetu hazina undugu huo, lakini Mzungu akitafsiri anahitaji kupanga maneno manne mstarini na sisi tunalitoa kwa pumzi moja kama lilivotoka siku ile. Na lile "lama" mbele yake ni la- ya "kwa" na ma ya "nini". Kwa nini. Yaani hata muundo ni uleule.

Hapo ndipo ujumbe wa kwenye magrupu unapoanza kuyumba, na nitaurudia punde, lakini kwanza naomba tukitembeze kitenzi hiki kidogo manake wengi tunakijua kwa mstari mmoja tu.

Biblia ina sehemu zilizoandikwa kwa Kiaramu moja kwa moja, kubwa ni Danieli kuanzia 2:4 mpaka mwisho wa sura ya 7, na vipande vya Ezra. Humo sh-b-q ipo. Danieli 2:44, Mungu atasimamisha ufalme usioangamizwa, "wala watu wengine hawataachiwa enzi yake", hiyo kuachiwa ndo yenyewe. Danieli 4, ndoto ya Nebukadreza, mti mkubwa unakatwa lakini amri inatoka kisiki na mizizi yake viachwe ardhini, na amri hiyo inarudiwarudiwa katika sura ileile. Ezra 6:7, mfalme Dario anamwandikia Tatenai, liwali wa ng'ambo ya mto, kwamba aiache kazi ya nyumba ya Mungu, asiiguse, asiiingilie, Wayahudi wajenge. Angalia basi, kitenzi kimoja, na maana tayari ni tatu: kumwachia mwingine kitu, kubakiza kitu, na kutoingilia. Msomaji wa Kiswahili hashangai hata kidogo, kwa sababu "acha" yetu inafanya kazi zote hizo kila siku, mtu anaachiwa urithi, chakula kinaachwa sufuriani kwa ajili ya aliyechelewa, na mtoto anaambiwa mwache mwenzako.

Ukitoka kwenye Biblia yenyewe ukaingia kwenye Targumi, zile tafsiri za Kiaramu ambazo Wayahudi walizitumia ili watu waelewe Maandiko, unakikuta tena. Mwanzo 2:24, mwanamume atamwacha baba yake na mama yake, Targumi ya Onkelosi inasema yishbok, mzizi uleule. Hapo ni kuondoka nyumbani ukaanze maisha yako. Halafu nenda Kutoka 34:7, pale Bwana anapita mbele ya Musa na kujitangaza kuwa mwenye kusamehe uovu, na Targumi ileile inatumia sh-b-q kwa kusamehe. Uovu unaachiliwa.

Na ipo nyingine ambayo kwangu ndo inauma zaidi. Hati ya talaka ya Kiyahudi imeandikwa kwa Kiaramu kwa karne nyingi mpaka leo, na katika maneno yake ya msingi mume anamwambia mke shevakit, nimekuacha, kisha yanafuata maneno mengine mawili yenye maana ya kumfungua na kumtoa. Katika mapango ya Wadi Murabba'at, jangwa la Yudea, imepatikana hati ya talaka ya zama zilezile za Agano Jipya na kitenzi ni hichohicho. Kwa hiyo mwanamke wa Galilaya au Yudea akisikia mtu anasema shabaktani, sikio lake linaweza kufika huko kwenye hati. Na kwetu ni vivohivo, ukisema "fulani ameachwa" hakuna anayeuliza ameachwa wapi, wote wameelewa ni talaka. Sisemi kwamba Yesu alikuwa anazungumzia talaka pale msalabani, la hasha, nasema neno halikuwa la kitheolojia, lilikuwa neno la nyumbani ambalo watu walishaumizwa nalo.

Upande wa kusamehe nao si mambo ya baadaye tu. Kati ya hati za Qumran, zile za mapango ya karibu na Bahari ya Chumvi, kuna kipande kinachoitwa Sala ya Nabonido, ni Kiaramu, mfalme wa Babeli anasimulia alivyougua miaka saba kule Tema, na anasema dhambi yake iliachiliwa, kitenzi ni sh-b-q. Kwa hiyo Wayahudi wa zama zile walishazoea kukitumia kwa msamaha. Na mpaka leo, jioni inapoanza Yom Kippur, siku ya Upatanisho ya Wayahudi, kwenye masinagogi inasomwa Kol Nidre, tangazo la Kiaramu la kufuta nadhiri, na ndani yake nadhiri hizo zinasemwa ziwe shevikin, zimeachiliwa, hazina nguvu tena.

Basi mtu atasema, si unaona, kitenzi kina maana nyingi, kubakiza ipo, kuachilia ipo, kusamehe ipo, kwa nini nisichague "nilibakizwa"? Na hili ndilo hasa nataka kubishana nalo, kwa sababu ni kosa linalofanyika sana kwenye mahubiri yetu siku hizi, mtu anafungua programu kwenye simu, anabofya neno, zinatoka maana saba, anachagua inayomfaa siku hiyo na anaita hiyo "maana ya asili". Lugha haifanyi kazi hivo. Mama akisema "mume wangu ameniacha" huwezi ukamwambia kwa Kiswahili kuacha pia ni kubakiza kwa hiyo mumeo amekubakiza kwa kusudi maalumu. Sentensi ndiyo inayochagua maana, wewe huchagui. Sentensi ya Yesu ina kwa nini, ina wewe, ina mimi, mtu mzima anayeteswa kama mtendwa wa kile kitenzi. Ni swali kwa Mungu kuhusu alichotendewa yeye. Lamsa ili apate maana yake ilibidi aligeuze swali kuwa tamko, "kwa ajili ya hili", na hilo "wewe" lililomo ndani ya kitenzi likafifia kabisa, tendo la Mungu likageuka kuwa hali tu ya "nilibakizwa". Hiyo ni gharama kubwa mno kwa kitenzi kimoja.

Halafu kuna shahidi ambaye ujumbe wa magrupuni haumtaji kamwe, naye ni Marko mwenyewe. Marko hakutuachia Kiaramu kitupu tukisie. Anaandika maneno ya Kiaramu kisha anaongeza "maana yake" na kutafsiri kwa Kigiriki, kama alivofanya kwa "Talitha, kumi" (5:41) na kwa "Efatha" (7:34). Aliandika karibu na wakati wa tukio kuliko sisi kwa mbali sana, miongo michache tu, wapo watu hai waliokuwa wanajua Kiaramu cha siku zile. Na chaguo lake la kitenzi cha Kigiriki ndilo limenishika siku zote, kwa sababu Kigiriki kilikuwa na kitenzi kipana kinacholingana vizuri na sh-b-q, ni aphiemi, nacho kinabeba kuacha, kuruhusu, kusamehe, vyote. Marko anakitumia sana. Wavuvi wanaziacha nyavu (1:18), ni hicho. Dhambi za aliyepooza zinasamehewa (2:5), ni hicho. "Waacheni watoto wadogo waje kwangu" (10:14), hichohicho. Petro anasema "sisi tumeacha vyote tukakufuata" (10:28), hicho. Na bustanini Yesu anapokamatwa, "wote wakamwacha wakakimbia" (14:50), hicho tena. Kwa hiyo kama Marko angetaka kuuacha mlango wazi msalabani, kitenzi cha mlango wazi alikuwa nacho mkononi. Hakukitumia. Akachukua kingine, enkataleipo, ambacho ni kuacha kwa maana ya kumtelekeza mtu, kumwacha peke yake palipo na shida, na ndicho kilichokuwa tangu zamani kwenye tafsiri ya Kigiriki ya Zaburi 22, zaburi inayoanza na maneno hayohayo ya Yesu. Ni kitenzi ambacho Paulo anakitumia akisema "Dema aliniacha, akiupenda ulimwengu huu wa sasa", na mistari michache mbele kwamba mahakamani wote walimwacha. Hakuna anayesoma habari ya Dema akasema Paulo alibakizwa.

Sisi tuna faida ambayo sidhani tunaitambua. Kwenye Marko ya Kiswahili neno "acha" linapita moja kwa moja kuanzia sura ya kwanza mpaka ya 15, wameacha nyavu, wameacha vyote, wamemwacha yeye, kisha kilio kwa Baba, mbona umeniacha. Kigiriki kinabadilisha kitenzi mwishoni, sisi tunausikia mfululizo wote kama kamba moja, na nadhani mtu wa Kiaramu angeusikia karibu kama sisi. Soma Marko yote kwa sauti siku moja bila kusimama utaona.

Na wale waliotafsiri Biblia ya Kiswahili wapewe haki yao kwa jambo jingine. "Lama" kwa neno kwa neno ni kwa nini, lakini waliandika "mbona". Kwa nini inaweza kuwa ya mwalimu darasani, inataka jibu. Mbona ina manung'uniko ndani yake, unamwambia mtu unayemjua, mtu uliyetegemea kitu tofauti kutoka kwake, mbona hukuja, mbona umenifanyia hivi. Haiwezekani ukamwambia mtu mbona kwa uchungu namna ile kama huna uhusiano naye. Ndo roho ya zaburi za maombolezo hiyo, mtu analalamika kwa Mungu kwa sababu bado ni "Mungu wangu", anasema hivyo mara mbili kabla hajafika kwenye lawama.

Sasa nije upande wa pili, manake wapo wanaokilainisha kitenzi na wapo wanaokitia uzito kisioubeba. Mahubiri mengi ya Ijumaa Kuu yanasema pale saa tisa Baba alimgeuzia Mwana mgongo, hakuweza kumtazama, Utatu ukapasuka kwa muda. Watu wanalia, na ni kweli inagusa. Lakini kitenzi hakisemi hivyo. Kusema kweli zaburi ambayo Yesu alikuwa anaitamka inasema kinyume, soma mstari wa 24, "Maana hakulidharau teso la mteswa, wala hakulichukia, wala hakumficha uso wake, bali alipomlilia akamsikia." Hakumficha uso wake! Huwezi ukachukua mstari wa 1 wa zaburi na kuuhubiri ukapinga mstari wa 24 wa zaburi hiyohiyo.

Kuachwa ni kupi basi? Zaburi yenyewe inajibu palepale. Ushairi wa Kiebrania unasema jambo mara mbili kwa maneno tofauti, mstari wa pili unaeleza wa kwanza, kama vipande vya ubeti wetu vinavyosukumana. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Na kinachofuata ni mbona u mbali na wokovu wangu. Hapo ndo maana imefafanuliwa na mwenye shairi. Kuachwa ni msaada kuwa mbali. Adui wamekuzunguka, mafahali, mbwa, simba, nguo zako zinapigiwa kura, na yule mwenye uwezo wa kukutoa hakutoi. Ameacha, kwa maana ya Ezra 6:7, hajaingilia. Haya ni maumivu halisi kabisa, hayahitaji kuongezewa nadharia ya uso kugeuzwa, na wala hayafutwi kwa kusema "lakini zaburi inaisha na ushindi". Inaisha na ushindi kweli, mataifa yote yatamrudia Bwana, sawa, lakini aliyeko mstari wa 1 hajafika mstari wa 27 na Marko hamharakishi, anaandika kilio, anaandika sifongo ya siki, anaandika kilio kingine kisicho na maneno na kufa.

Kitu kingine ambacho kinanifanya nisikubali wazo kwamba Yesu alikuwa anakariri tu andiko kama mtu anayesoma liturujia, ni lugha. Zaburi imeandikwa kwa Kiebrania, na Kiebrania kina kitenzi chake, azavtani. Angekuwa anakariri andiko kama lilivoandikwa, tungetegemea azavtani. Marko anatuambia alisema shabaktani, na hata "Eloi" ni ya Kiaramu. Mathayo ana "Eli", iliyo karibu na Kiebrania na ambayo inaeleza vizuri zaidi kwa nini waliosimama pale walisikia Eliya, ila kitenzi hata kwake kimebaki cha Kiaramu. Na inaonekana jambo hili liliwasumbua baadhi ya wanakili wa zamani, manake kwenye Kodeksi Bezae, nakala ya kale ya Kigiriki na Kilatini, neno limeandikwa zaphthani, mtu amejaribu kulirudisha kwenye Kiebrania ili lifanane na zaburi. Mimi naona waliolisahihisha walilipunguza. Mtu wa Bukoba anayesali Kiswahili kanisani miaka yote, siku akibanwa na uchungu wa kufa kinachotoka ni Kihaya. Andiko lilikuwa limeshaingia ndani ya Yesu mpaka likawa lugha yake ya nyumbani, na lilipotoka lilitoka hivo.

Kuna na mihadhara. Anayeishi Dar, Mombasa au Zanzibar anajua aya hii ni miongoni mwa zinazotajwa sana kwenye midahalo ya Waislamu na Wakristo, mhadhiri anauliza, kama Yesu ni Mungu, ameachwa na Mungu yupi? Ni swali halali, sioni sababu ya Mkristo kukasirika. Ila ninachokiona ni kwamba ndugu zetu wengi wakibanwa hapo ndo wanakimbilia kwa Lamsa, wanasema hapana, kwa Kiaramu hakusema hivyo. Huko ni kukimbia kwa kutumia lugha ambayo hawaijui, na mhadhiri makini akifungua Peshitta atakuta Zaburi 22 ya Kisiria ina kitenzi hichohicho cha sh-b-q mahali ambapo Kiebrania kina azavtani, kuacha kabisakabisa, na hoja inakufa palepale mbele ya watu. Bora useme ukweli: ndiyo, alisema umeniacha, na alimaanisha. Kanisa halikulificha hilo neno, Injili mbili zimelihifadhi, zote na matamshi ya lugha yenyewe, wakati lilikuwa neno la aibu ambalo mtu anayetunga habari za kumtukuza shujaa wake asingeliweka. Aliyevaa mwili wetu alivaa na hili la kuomba msaada na usije. Kama mwenzako haamini kwamba alikuwa zaidi ya mtu, huo ni mjadala mwingine na una maandiko yake, lakini hauamuliwi kwa kubadilisha maana ya kitenzi.

Nimesema maana hazichaguliwi ovyo, na bado nasema hivyo. Lakini kuna jambo moja ambalo lugha inaruhusu kulisikia bila kudanganya mtu, nalo ni jinsi Wakristo wa Kisiria walivyoishi na kitenzi hiki. Kwenye Peshitta Sala ya Bwana inasema washbuq lan, utuachilie madeni yetu, kama nasi tulivyowaachilia wadeni wetu. Mtumwa wa Mathayo 18 mwenye deni kubwa, bwana wake analiachilia, ni sh-b-q. "Sitawaacha ninyi yatima", Yohana 14:18, ni sh-b-q. "Amani nawaachieni", mstari wa 27, ni sh-b-q. Na Luka 23:34, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo", kwa Kisiria ni Aba shbuq lhon. Mkristo wa Edessa, mji wa kale wa Wakristo wa Kisiria, aliyekua na Biblia hiyo alikuwa na vilio viwili vya msalabani kwa kitenzi kimoja, waachilie hawa, na umeniacha mimi. Niwe muwazi hapa, Luka na Marko ni Injili mbili tofauti zilizoandikwa Kigiriki kwa vitenzi viwili tofauti, na mstari huo wa Luka haumo kwenye baadhi ya nakala za kale sana, kwa hiyo siwezi kusema hii ndiyo hoja ambayo waandishi walikusudia. Ni kitu kilichokuwa kinasikika kwenye ibada za watu fulani waliosali kwa lugha ndugu na ya Yesu, na kwao kilikuwa kinasikika kila siku walipofika kwenye deni.

Kiswahili chetu kinakaribia hapo kwa njia yake. Biblia zetu zimeandika "utusamehe deni zetu", samehe ni neno la Kiarabu na limeshika, halina tatizo. Lakini sikiliza watu wanavyoongea makanisani sasa hivi, kwenye mafundisho ya ndoa, kwenye mikutano ya maombi, wanasema "mwachilie", "umeshamwachilia kweli kutoka moyoni?", wala hawamaanishi kumruhusu aende, wanamaanisha umsamehe. Hata mdai wa kawaida mtaani akikuonea huruma anasema basi hiyo nakuachia. Hakuna aliyewafundisha Kiaramu. Mzizi wa acha umekwenda wenyewe kutoka kuondoka, kwenda kubakiza, kwenda talaka, kwenda kufuta deni, njia ileile ambayo sh-b-q ilipita kule Babeli na Galilaya. Ndo maana nasikitika mtu anapoenda kutafuta kwa Kiingereza cha 1957 maana ya neno ambalo lugha yake mwenyewe inalibeba vizuri kuliko Kiingereza.

Kwa wanaohubiri Ijumaa Kuu hii, ombi langu ni dogo. Msisome Marko 15:34 na kuharakia kuieleza. Isomeni na Zaburi 22 yote, mistari 31, kwa sauti, watu wasikie kilio kinaanzia wapi na kinaenda wapi kabla hamjasema lolote. Na kama mtataka kugusa Kigiriki, basi kuna Waebrania 13:5, "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa", ambapo kitenzi cha kuacha ni enkataleipo, hichohicho ambacho Marko alikichagua kwa ajili ya kilio cha saa tisa.